Seli za NK hujuaje seli ipi ni ya kuua, na je, upo unga wa kuziongezea nguvu?

Mwalimu_Nkuhungu:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Dodoma mjini, na kwa sasa nafundisha mada ya kinga ya mwili kidato cha sita. Kitabu tunachokitumia kinaeleza vizuri jinsi seli T na seli B zinavyomtambua adui kwa vipokezi mahususi, lakini kinapofika kwenye seli uaji asilia, yaani seli za NK, kinatosheka na sentensi mbili tu: kwamba ni sehemu ya kinga ya kuzaliwa nayo, na kwamba huua seli zilizoambukizwa virusi pamoja na seli za saratani bila kuhitaji kuzitambua kwanza. Binti mmoja akauliza, kama hazihitaji kutambua, ni nini kinachozizuia zisiue seli zote za mwili? Nilimwambia nitalitafutia jibu kamili, kwa maana si swali la kujibiwa kwa kubabaisha. Ningependa pia kujua kwa nini mwili uwe na seli hizi ilhali tayari una seli T zinazoua.

Jambo la pili halihusu darasa. Mama mmoja jirani yetu, ambaye anatibiwa saratani ya matiti, ameuziwa unga wa mitishamba na mtu anayepita nyumba kwa nyumba, akaambiwa kwamba unga huo "unaamsha seli za NK" nazo zitamaliza kazi ambayo dawa za hospitali hazijaimaliza. Ameniuliza mimi kwa kuwa nafundisha sayansi. Naomba wenye ujuzi wa mambo haya wanisaidie kabla sijamjibu.

Mhadhiri_Kinga:

Mwalimu, salaam. Nafundisha elimu ya kinga ya mwili chuoni hapa Dodoma, na naweza kusema kwamba huyo binti ameuliza swali lilelile lililowasumbua watafiti kwa zaidi ya miaka kumi. Sentensi ya kitabu chenu ndiyo yenye kasoro. Seli za NK hutambua, ila kinachotambuliwa si kile tulichozoea kukitafuta.

Mwaka 1975 Rolf Kiessling na Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, pamoja na Hans Wigzell, walieleza kwamba limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) za panya ambao hawakuwahi kuchanjwa dhidi ya saratani fulani ziliweza kuua seli za saratani hiyo maabara ndani ya saa chache. Mwaka huohuo Ronald Herberman na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo yanayofanana. Kabla ya hapo mauaji hayo yalikuwa yakionekana mara kwa mara katika majaribio yaliyolenga seli T, na wengi waliyahesabu kuwa ni uchafu wa jaribio, kitu cha kutoa kwenye hesabu na kukisahau. Kwa hiyo kuwapo kwa seli hizi kulikubalika mapema kuliko maelezo ya namna zinavyochagua wa kumuua.

Maelezo hayo yalianzia kwa Klaus Kärre, naye pia wa Karolinska. Karibu kila seli ya mwili yenye kiini hubeba juu ya utando wake protini ambazo kwa binadamu huitwa HLA za daraja la kwanza, na seli T huzitumia kama dirisha la kutazamia kilicho ndani ya seli. Kärre na wenzake walichukua seli za saratani ya limfu ya panya za aina mbili zilizofanana, isipokuwa kwamba aina moja ilikuwa imepoteza protini hizo za utambulisho, wakazipandikiza katika panya wazima. Kwa mantiki ya seli T, zilizopoteza protini ndizo zilizotarajiwa kustawi, kwa kuwa seli T hazikuwa na pa kuzishikia. Ikawa kinyume: zenye protini zilikua, na zisizo nazo ziliondolewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1986, na hoja iliyotoka humo ni kwamba seli ya NK haitafuti alama ya ugeni, bali hushtushwa na kukosekana kwa alama ya wenyeji.

Kwa darasa la huku kwetu unaweza kusema hivi: wafugaji wengi huwakata ng'ombe masikio kwa alama ya ukoo, na mchungaji anayekagua zizi hahitaji kuzijua alama za koo zote za nchi, inamtosha kumwona ng'ombe asiye na alama ya nyumbani. Lakini usiishie hapo, kwa sababu mfano huo ukiachwa peke yake utawapotosha wanafunzi. Kukosekana kwa alama peke yake hakutoshi kuamuru kuua.

Ukweli ni kwamba kila seli ya NK ina vipokezi vya aina mbili vinavyofanya kazi kwa pamoja. Vipo vya kuzuia, kama vile kundi la KIR na kile kinachoitwa NKG2A, ambavyo vikishikana na HLA ya seli iliyo mbele yake hupeleka ndani amri ya kusimama. Vipo pia vya kuchochea, na mashuhuri zaidi ni NKG2D, ambacho hushikana na protini kama MICA na MICB. Seli iliyo salama huwa na protini hizo kidogo sana au haina kabisa, lakini seli iliyoharibiwa vinasaba, iliyovamiwa na virusi au iliyoanza kugeuka saratani huzitoa kwa wingi juu ya utando wake. Seli ya NK inapogusana na seli nyingine hupokea amri zote hizo kwa wakati mmoja, na uamuzi hutegemea upande uliozidi. Seli yenye afya ina vizuizi vingi na vichocheo vichache, hivyo huachwa. Seli ya saratani iliyoficha HLA na papo hapo ikatoa MICA imepoteza kinga pande zote mbili. Hata seli ambayo bado ina HLA yake yote inaweza kuuawa iwapo vichocheo vimekuwa vingi kupita kiasi.

Hapo ndipo penye jibu la binti yako: kinachozizuia zisiue kila kitu ni kwamba muda wote zinaambiwa zisiue, na zinaambiwa na seli zenyewe za mwili. Kuna jambo moja zaidi ambalo mimi huliona ndilo zuri kuliko yote katika mada hii. Je, ingekuwaje kwa mtu aliyezaliwa bila HLA za daraja la kwanza? Watu wa namna hiyo wapo, wachache sana duniani, kwa sababu ya hitilafu katika jeni za protini iitwayo TAP, inayosaidia kuzipeleka HLA juu ya utando. Kwa mfano wa ng'ombe, zizi lao lote lingekuwa limechinjwa. Haiwi hivyo. Seli zao za NK zipo, lakini ni pole, kwa sababu seli ya NK inapokomaa hupitia mafunzo: ile iliyokutana na HLA za mwenye mwili ikazuiwa nazo ndiyo inayopewa uwezo kamili wa kushtuka baadaye HLA ikikosekana, na ile ambayo haikuwahi kuzuiwa hubaki butu. Uwezo wa kuua unatokana na kuwahi kuzuiwa.

Kuhusu namna ya kuua, sitakaa sana, maana vitabu vingi vinaieleza vizuri. Seli ya NK hujibana kwenye seli lengwa na kusogeza chembechembe zake upande wa mguso. Protini iitwayo perforini hutoboa utando, vimeng'enya viitwavyo granzimu huingia, na seli lengwa huanza kujivunja yenyewe kwa utaratibu badala ya kupasuka na kumwaga yaliyomo. Seli moja ya NK huweza kuendelea kwa seli nyingine baada ya hapo. Vilevile, na hili mara nyingi husahaulika, seli za NK humwaga kemikali iitwayo interferoni gama, ambayo huziamsha makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu, na kuelekeza mwitikio wa seli T unaofuata. Katika damu, seli nyingi za NK ni za kundi la kuua. Kundi dogo zaidi, lenye protini ya CD56 kwa wingi mno, hujikita katika kutoa sitokini, yaani kemikali ambazo seli za kinga huwasiliana kwazo.

Kwa nini tuwe nazo juu ya seli T? Kwanza ni wakati. Seli T zinazomjua kirusi mgeni huwa chache mwanzoni, na huhitaji siku kadhaa kuongezeka. Seli za NK huwa zimekwisha kuingia kazini katika siku za mwanzo, zikichochewa na interferoni ambazo seli zilizovamiwa hutoa. Pili ni kwamba virusi wamejifunza kuzikwepa seli T kwa kuishusha HLA, na wakifanya hivyo huangukia mikononi mwa NK. Sitomegalovirusi, ambaye watu wazima wengi hapa nchini tunaye mwilini bila kujua, hushusha HLA kisha hutengeneza protini bandia inayofanana nayo ili kuzilaghai seli za NK. VVU naye ni mjanja kwa namna yake: protini yake ya Nef hupunguza HLA-A na HLA-B, ambazo seli T hutegemea zaidi, lakini huiacha HLA-C, ambayo ndiyo huzizuia seli nyingi za NK. Virusi wasingejisumbua hivyo kama seli hizi zisingekuwa tishio.

Ushahidi kwa binadamu ulionekana wazi mwaka 1989, ilipochapishwa taarifa ya msichana wa Marekani ambaye hakuwa na seli za NK. Kinga yake dhidi ya vijidudu vingi ilikuwa ya kutosha, lakini virusi wa jamii ya hepesi walimwandama: tetekuwanga iliyompata vibaya mno, kisha sitomegalovirusi, kisha hepesi yenyewe.

Mwalimu_Nkuhungu:

Nakushukuru sana, Mhadhiri. Nimesoma mara mbili. Naomba kuuliza moja ambalo najua darasa litaniuliza: chembe nyekundu za damu hazina kiini, na kwa maelezo yako HLA hubebwa na seli zenye kiini. Mbona seli za NK haziziui, nazo zimo kwenye damu hiyohiyo?

Mhadhiri_Kinga:

Swali zuri, na ndilo linaloonyesha kwa nini mfano wa ng'ombe hautoshi. Chembe nyekundu iliyokomaa haina HLA ya kutosha ya kuizuia seli ya NK, lakini pia haina vichocheo. Mizani haina uzito upande wowote, na bila kichocheo hakuna shambulio.

Ingiza malaria, mambo yabadilike. Kimelea wake, Plasmodiamu falsiparamu, akiwa ndani ya chembe nyekundu hutoa protini zake nje ya utando, na mtu aliyewahi kuugua mara kadhaa huwa na kingamwili zinazoshikana na protini hizo. Seli nyingi za NK zina kipokezi kiitwacho CD16, ambacho hushika mkia wa kingamwili. Kingamwili ikiwa imeshikilia chembe nyekundu upande mmoja na CD16 upande wa pili, kichocheo kimepatikana, na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa chembe nyekundu zenye vimelea zilizofunikwa kwa kingamwili huvunjwa na seli za NK huku zile zisizo na vimelea zikiachwa. Kimelea naye ana majibu yake: baadhi ya protini zake za jamii ya RIFIN hushikana na vipokezi vya kuzuia vya seli za kinga, kikiwamo kipokezi kimoja cha KIR. Malaria ya Dodoma si nyingi kama ya Kanda ya Ziwa au kusini, lakini mfano huu nadhani utaeleweka kwa mwanafunzi yeyote wa Kitanzania.

Nikiwa hapo hapo: kitabu kikiwaambia kwamba kinga ya kuzaliwa nayo haina kumbukumbu kabisa, waambie waandike hivyo kwenye mtihani, lakini wajue kwamba mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba seli za NK za panya zilizokutana na sitomegalovirusi wa panya huongezeka, hubaki, na hujibu kwa nguvu zaidi zinapokutana naye tena.

Mifugo_Mpwapwa:

Ndugu Mhadhiri, kwa kuwa umeingia zizini mwetu, niruhusu niongeze neno kama daktari wa mifugo.

Tunaposoma matokeo ya majaribio ya panya inafaa kukumbuka kwamba vipokezi vya kuzuia vya panya si KIR. Panya hutumia familia nyingine kabisa ya protini, iitwayo Ly49, yenye umbo tofauti na asili tofauti ya jeni, ambayo imefika kwenye kazi ileile ya kusoma protini za panya zinazolingana na HLA. Ng'ombe, kama binadamu, wana jeni nyingi za KIR. Maana yake ni kwamba kanuni ya mizani imevumbuliwa zaidi ya mara moja katika wanyama, na kwa upande mwingine, dawa iliyotengenezwa kushika kipokezi cha panya haiwezi kuhamishiwa kwa mtu au kwa ng'ombe moja kwa moja. Mtu akikuonyesha unga uliofanya maajabu kwa panya, hapo pana swali la kwanza la kumuuliza.

La pili ni angalizo kwa wanaodhani NK ndiyo jibu la kila seli iliyoharibika. Katika ndigana kali, kimelea wa Theileria huingia ndani ya limfosaiti ya ng'ombe na kuifanya igawanyike bila kikomo, karibu sawa na saratani. Ng'ombe anayepona huwa amepona hasa kwa seli T zinazoua, na chanjo ya ndigana kali inayotumika hapa nchini hujenga kinga kwa njia hiyo.

Mkunga_Kondoa:

Nimefurahishwa na mjadala huu, na naona kuna sehemu ya mwili ambayo haijatajwa, nayo ndiyo yenye seli za NK nyingi kwa namna ya pekee.

Katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, seli za NK huwa takriban asilimia 70 ya seli nyeupe zote zilizo kwenye ukuta wa mji wa mimba, pale kondo la nyuma linapojishika. Mtu akisikia neno "uaji" hushtuka, kwa kuwa mtoto amebeba nusu ya jeni za baba na kwa hesabu ya kinga ni mgeni. Lakini seli hizi za mji wa mimba haziui mtoto wala kondo. Hutoa kemikali zinazosaidia kupanua mishipa ya damu ya mama ili damu ya kutosha ifike kwenye kondo, na seli za kondo zenyewe zina HLA-C ambayo KIR za mama huisoma. Uwiano kati ya KIR za mama na HLA-C ya mtoto ukiwa wa kuzuia mno, mishipa haipanuki ipasavyo, na hatari ya shinikizo la damu linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba huongezeka. Kundi la Ashley Moffett wa Cambridge lilifanya kazi hiyo pamoja na Annettee Nakimuli wa Makerere, na mwaka 2015 walionyesha kwamba kwa wanawake wa Uganda jeni za KIR zenye kulinda dhidi ya tatizo hilo hazikuwa zilezile zilizoonekana kwa wanawake wa Ulaya. Ninalitaja kwa makusudi, kwa sababu tumezoea kuchukua matokeo ya Ulaya na kuyavisha wajawazito wetu kama yalivyo.

Kwa akina mama wanaosoma hapa: yapo maeneo ambako mwanamke aliyepoteza mimba mara kadhaa hupimwa seli za NK za damu, huambiwa kwamba "ziko juu na zinaua mimba", na kupewa dawa za gharama kubwa za kuzishusha. Seli za NK za damu na zile za mji wa mimba si za tabia moja, na wingi wa zile za damu hauelezi kinachoendelea kwenye mji wa mimba. Ushahidi wa kutosha wa tiba hizo haupo. Angalieni pia kichekesho kilichomo humu: huku mama anauziwa dawa ya kuzishusha, na jirani yake Mwalimu anauziwa unga wa kuzipandisha.

Mfamasia_Majengo:

Naomba nimjibu Mwalimu kuhusu unga wenyewe, maana watu huniuliza dirishani mara nyingi.

Neno "kuamsha" linauzika kwa sababu halisemi kitu. Anayelitumia aulizwe: unaongeza idadi ya seli, au unaongeza uwezo wake wa kuua, na uwezo huo umepimwaje, na mgonjwa alipata nafuu gani? Idadi peke yake haina maana kubwa. Mtu aliyepanda kilima cha Mlimwa kwa mwendo wa kasi huwa na seli za NK nyingi zaidi kwenye damu ndani ya dakika chache, kwa sababu adrenalini huzibandua kutoka kwenye kuta za mishipa, na akishapumzika hushuka tena, pengine chini ya kiwango alichoanza nacho. Hakuna seli mpya iliyotengenezwa.

Ni kweli kwamba uwezo wa seli hizi una uhusiano na saratani. Huko Saitama, Japani, watafiti waliwafuatilia wakazi zaidi ya 3,000 kwa miaka 11, na taarifa yao ya mwaka 2000 ilionyesha kuwa waliokuwa na limfosaiti zenye uwezo mdogo wa kuua walipata saratani zaidi ya wale wenye uwezo wa kati au mkubwa. Wauzaji wanaupenda utafiti huo. Lakini uhusiano huo hausemi kwamba aliyezipandisha kwa unga amejikinga, na hausemi lolote kuhusu mtu ambaye tayari anaugua. Saratani iliyokwisha kukua huwa imepita kwenye mchujo wa seli za NK: hujaza mazingira yake kemikali za kuzituliza, kama vile sitokini ya TGF-beta, na humwaga vipande vya MICA kwenye damu ili kuziba vipokezi kabla seli ya NK haijafika.

Hata hilo la "kuongeza nguvu" si salama kama linavyosikika. Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu ya jeni ya perforini. Seli zao za NK na seli T hushika seli lengwa zisiweze kuiua, zikaendelea kumwaga interferoni gama bila kukoma, makrofaji zikachachamaa, na mtoto akapata homa isiyoshuka, bandama na ini vikavimba, na asipotibiwa hufariki. Kinga ni kuwasha na kuzima. Ukimwambia mtu kuwa una dawa ya kuwasha tu, umemwambia nusu ya habari, na ni ile nusu ya hatari.

Tiba za kweli zinazotumia NK zipo, nazo hazifanani na unga. Upandikizaji wa uloto ni mojawapo: seli za NK ndizo limfosaiti za kwanza kurudi baada ya kupandikizwa, na mwaka 2002 madaktari wa Perugia, Italia, walionyesha kwamba kwa aina moja ya saratani ya damu, seli za NK za mtoaji ambazo hazikuzuiwa na HLA za mgonjwa zilipunguza kurudi kwa ugonjwa. Mwaka 2020 madaktari wa Houston, Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa 11 wenye saratani za seli B waliopewa seli za NK zilizotolewa kwenye damu ya kitovu na kuongezewa kipokezi cha kutengenezwa maabara. Wagonjwa wanane waliitikia, na saba kati yao hawakuonekana tena na dalili za saratani. Hayo ni matokeo ya kutia moyo, lakini ni watu 11, katika hospitali yenye vifaa vya hali ya juu.

Na huyu mama jirani, Mwalimu, huenda tayari anatumia tiba inayozishirikisha seli za NK pasipo yeye kujua. Kama saratani yake ni ya aina yenye protini ya HER2 na anapewa trastuzumab, dawa hiyo ni kingamwili: inashika seli ya saratani, na sehemu ya kazi yake hukamilishwa na CD16 ya seli za NK, kwa njia ileile aliyoieleza Mhadhiri kwa chembe nyekundu zenye malaria. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mitishamba mingine hubadilisha jinsi ini linavyochakata dawa, na unga wenyewe hauna orodha ya vilivyomo. Mwambie asiutumie kwanza. Aupeleke pamoja na mfuko wake kwa daktari anayemtibu, aseme ukweli wote bila kuona haya. Madaktari wa saratani wameshazoea kuulizwa, na wengi hawagombezi.

Mwalimu_Nkuhungu:

Ahsanteni sana wote. Mama nimemweleza, na amekubali kwenda na mfuko wake kliniki. Ameniuliza jambo moja la mwisho: muuzaji amemwambia kwamba akilipa zaidi atapimwa damu ili aone seli zake za NK "zilivyopanda". Je, kipimo hicho kipo kweli?

Mhadhiri_Kinga:

Kipo, Mwalimu, lakini si cha kufanyika sebuleni. Seli za NK huhesabiwa kwa mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza baada ya kuzitia kingamwili zenye rangi, na zinazohesabiwa ni zile zisizo na CD3, ambayo ni alama ya seli T, lakini zenye CD56. Mashine hizo ni za ukoo mmoja na zile zilizokuwa zikihesabu CD4 za watu wanaoishi na VVU. Kwa mtu mzima mwenye afya, seli za NK huwa kama asilimia 5 hadi 15 ya limfosaiti za damu, na kiwango cha mtu huyohuyo hubadilika kwa saa ya siku, kwa usingizi, kwa mafua madogo na kwa mwendo alioutembea kufika maabara. Kupima uwezo wa kuua ni kazi nyingine, inayohitaji seli lengwa zilizooteshwa maabara na damu iliyofika mapema.

Madaktari hukiomba kipimo hiki wanaposhuku upungufu wa kinga wa kuzaliwa nao au ule ugonjwa wa perforini aliouelezea Mfamasia. Kwa mama huyo jibu lolote lingetoka lisingebadilisha hata kidonge kimoja cha matibabu yake, kwa hiyo fedha hiyo aiweke kwa ajili ya nauli ya kliniki.